Dhahabu katika Akiba ya Uzeeni, Bei Inapopanda na Kushuka

Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025, wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, iliuzwa katika soko la dunia kwa zaidi ya dola 4,300, bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana. Jumanne yake ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya siku moja. Kijana anayeanza kazi anaweza kuisikia habari hiyo redioni na kuendelea na shughuli zake. Mwalimu wa miaka 59, aliyebakiza miezi michache kupokea mafao, hawezi. Fedha hiyo ndiyo itakayomlisha na kumtibu, na hakuna mwajiri atakayempa nyingine ikipotea.

Hata hivyo dhahabu inavutia, na mvuto wake una sababu za kweli. Machi 2025 ilivuka dola 3,000, na mwanzoni mwa Oktoba ikavuka 4,000. Benki kuu za nchi mbalimbali zilinunua zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2022, mwaka ambao mataifa ya Magharibi yalizuia takriban dola bilioni 300 za akiba ya Urusi na serikali nyingi zikaanza kutafuta akiba isiyoweza kufungiwa na mtu mwingine. Benki Kuu ya Tanzania nayo inanunua dhahabu inayochimbwa nchini kwa ajili ya akiba ya taifa. Mfanyakazi anayeyasikia hayo huku akiona shilingi yake ikinunua kidogo mwaka hadi mwaka ana haki ya kuuliza kama naye anunue.

Jibu la mwongozo huu ni kwamba dhahabu ina nafasi katika akiba ya uzeeni, ila nafasi ndogo yenye kazi moja tu, ya kulinda sehemu ya fedha dhidi ya miaka mibaya. Kazi ya kumlisha mstaafu haiiwezi. Hailipi riba, haitoi gawio, haileti kodi ya pango. Faida yake huonekana siku ya kuuza, na anayelazimika kuuza siku bei imelala haioni. Kiasi cha kununua, wakati wa kununua na umbo la dhahabu yenyewe vyote vinaamuliwa na jambo hilo: mtu ajipange ili ada, njaa au hospitali isije ikamlazimisha kuuza kwa bei ya siku.

Miaka 28 ya kusubiri

Wauzaji wengi huanza hadithi yao Agosti 1971. Hadi wakati huo Marekani ilikuwa ikizibadilishia serikali nyingine dola kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia. Rais Richard Nixon alipoufunga mlango huo, bei ikaachwa ijitafutie njia, na kufikia Januari 1980 ikagusa dola 850. Hapo hadithi hukatizwa na kurukishwa hadi leo. Kilichofuata ni mteremko wa karibu miaka 20. Marekani ilikuwa imepandisha riba hadi karibu asilimia 20 ili kupambana na mfumuko wa bei, na mtu anayelipwa riba ya namna hiyo kwa kuweka fedha benki hana sababu kubwa ya kushika madini yasiyolipa kitu. Katikati ya 1999 wakia ilikuwa chini ya dola 260. Uingereza, serikali nzima yenye wataalamu wake, ilichagua kipindi hicho hicho kuuza karibu tani 395 za akiba yake, kati ya 1999 na 2002, kwa wastani wa kama dola 275 kwa wakia.

Aliyenunua kileleni Januari 1980 alisubiri hadi Januari 2008 kuiona tena bei aliyonunulia, na kwa muda huo dola yenyewe ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua. Aliyekuwa na miaka 60 wakati ananunua alikuwa na 88.

Mfano wa karibu zaidi ni wa 2011. Septemba mwaka huo wakia ilifika karibu dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa kama 1,050, anguko la asilimia 45 hivi, na kilele cha 2011 hakikufikiwa tena hadi katikati ya 2020. Hiyo ni miaka tisa. Kuna jambo lingine ambalo husahaulika: hata misukosuko inayosemwa kuwa ni msimu wa dhahabu huweza kuiangusha kwanza. Mwaka 2008, benki kubwa zilipokuwa zikiyumba, wakia ilishuka kutoka zaidi ya dola 1,000 mwezi Machi hadi kama 700 na ushee katika vuli, kwa sababu waliobanwa na madeni waliuza chochote kilichouzika. Machi 2020, wiki za kwanza za hofu ya korona, ikashuka tena kwa zaidi ya asilimia 10 katika siku chache. Mara zote mbili ilipanda baadaye, na wale walioweza kusubiri walilipwa. Waliohitaji fedha wiki ile ile hawakuipata faida hiyo.

Bei ina injini mbili

Anayenunua dhahabu Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ananunua vitu viwili kwa pamoja. Ananunua dhahabu kwa dola, na ananunua dola kwa fedha ya nyumbani. Viwili hivyo haviendi mwendo mmoja, na anayetazama kimoja tu atashangazwa.

Mfano mzuri uko Kenya. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilipatikana kwa karibu shilingi 160 za Kenya, na wakia ilikuwa kama dola 2,040, sawa na shilingi 326,000 hivi. Kufikia Juni dhahabu ilikuwa imepanda hadi kama dola 2,330. Lakini mwezi Februari serikali ilikuwa imelipa mapema sehemu kubwa ya hatifungani yake ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva mwaka huo, wasiwasi ukapungua, na shilingi ikajikaza hadi karibu 129 kwa dola. Wakia ile ile ikawa na thamani ya shilingi 300,000 hivi. Vichwa vya habari vya dunia vilishangilia ongezeko la asilimia 14, huku mstaafu wa Nakuru aliyenunua Januari akiwa amepoteza kama asilimia 8.

Injini hiyo hiyo ya pili huweza kumwokoa mtu. Septemba 2011 dola ilikuwa karibu shilingi 1,650 za Tanzania. Desemba 2015 ilikuwa karibu 2,150. Anguko la asilimia 45 kwa dola likawa la kama asilimia 28 kwa shilingi. Nafuu ipo, ingawa haitoshi kuitwa ushindi, kwa sababu katika miaka hiyo unga, mafuta na nauli vilikuwa vikipanda. Desemba 2011 peke yake mfumuko wa bei Tanzania ulikaribia asilimia 20 kwa mwaka. Ndiyo maana inafaa kila mwenye dhahabu aweke daftari lenye safu tatu: bei ya wakia kwa dola, bei ya dola kwa shilingi, na thamani ya gramu zake kwa shilingi. Akilijaza mara moja kila mwezi, baada ya mwaka atajua kwa macho yake faida imetoka wapi na hasara imetoka wapi.

Kiasi gani

Kabla ya gramu ya kwanza kuna mambo manne ya kumalizwa. Michango ya hifadhi ya jamii iwe imeingia yote. Makosa ya rekodi hugunduliwa siku ya kudai, na kuyarekebisha huchukua miezi. Madeni yenye riba kubwa yalipwe, kwa kuwa hakuna dhahabu inayopanda kwa uhakika kama riba ya mkopo inavyopanda. Bima ya afya ipatikane. Na matumizi ya mwaka mzima yawekwe mahali yanapoweza kuchukuliwa ndani ya siku chache.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya dhahabu inaanza. Kwa anayekaribia kustaafu au aliyekwisha kustaafu, sehemu kati ya asilimia 5 na 10 ya akiba inatosha. Mwenye miaka 35, ambaye ana robo karne ya kusubiri, anaweza kuvumilia zaidi kidogo, ingawa kwake pia hisa na hatifungani zinastahili kutangulia. Anayeshauri asilimia 40 au 50 aulizwe kwanza analipwa na nani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba za duara. Mtumishi wa umma Tanzania anapokea mkupuo wa shilingi milioni 50. (Bajeti ya Juni 2024 ilitangaza kupandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi moja la wastaafu na 35 kwa jingine, kinachobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi, na hiyo ndiyo nguzo ya kwanza ya mstaafu.) Milioni 8 zinamalizia nyumba. Milioni 6 zinakaa kwa dharura. Milioni 25 zinanunua hatifungani ya serikali. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka zinaleta milioni 1.5 kila baada ya miezi sita. Milioni 7 zinaingia katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama mmojawapo wa ile inayosimamiwa na kampuni ya UTT AMIS, ambako vipande huuzwa bila kusubiri mnunuzi. Zinabaki milioni 4, asilimia 8, na hizo ndizo za dhahabu.

Dhahabu hiyo ikianguka kama ilivyoanguka kati ya 2011 na 2015, mstaafu huyu anapoteza milioni 1.8. Itamuuma, lakini riba ya hatifungani itaendelea kuingia na hatalala njaa. Jirani yake aliyeweka milioni 30 atapoteza 13.5, na kwa kuwa hana kingine kinachomlipa, atauza dhahabu iliyobaki katika bei ile mbaya ili ale. Tofauti ya hao wawili ilikuwapo tangu siku ya kwanza, kabla bei haijatikisika.

Kununua na kuuza kwa ratiba

Hakuna ajuaye kilele kiko wapi. Waliodhani dola 1,900 ya 2011 ni mwanzo tu walikosea kwa miaka tisa. Waliodhani 2,000 ya 2020 ni mwisho nao walikosea. Dawa ya kutojua ni kugawa. Anayetaka kuweka milioni 4 anunue mara nane, nusu milioni kila robo mwaka, kwa tarehe zilizoandikwa mapema. Bei ikiwa juu atapata gramu chache, ikiwa chini atapata nyingi, na hatakuwa amefunga fedha yote katika siku moja kama ile ya tarehe 20 Oktoba.

Kuuza nako kunahitaji kanuni iliyoandikwa wakati mtu ametulia. Kanuni rahisi ni ya mipaka: lengo ni asilimia 8, dhahabu ikifika 12 ya akiba yote, inauzwa hadi irudi 8, ikishuka chini ya 5, na mahitaji mengine yako salama, inaongezwa. Katika mfano wetu, dhahabu ya milioni 4 ikipanda hadi 7, nayo mali nyingine ikibaki pale pale, imekuwa asilimia 13. Kama milioni 2.8 zinauzwa na kwenda kwenye hatifungani. Kanuni hii ina uzuri wake: inamlazimisha mtu kuuza majirani wanapokimbilia kununua, na kununua wanapokata tamaa, bila kubishana na moyo wake.

Mwenye miaka miwili au chini kabla ya kuhitaji fedha yenyewe, kwa ada ya chuo ya mtoto wa mwisho au kwa upasuaji uliopangwa, asinunue dhahabu kwa fedha hiyo kabisa. Kama tayari anayo, aanze kuiuza kidogo kidogo sasa.

Umbo ni nusu ya faida

Hapa ndipo wengi hupoteza kabla soko halijawagusa. Bibi na mama wa pwani waliweka dhahabu kwa bangili, vipuli na mikufu, na waliifanya kazi ya maana: mali iliyokuwa yao wenyewe, iliyoweza kuokoa nyumba mume akifa au biashara ikianguka. Heshima hiyo ibaki. Lakini pambo na akiba vina hesabu mbili.

Tuseme bei ya dunia ni dola 4,000 na dola moja ni shilingi 2,500. Gramu moja ya dhahabu safi, karati 24, ina thamani ya shilingi 321,500 hivi. Ya karati 18, ambayo robo yake ni metali nyingine, ina thamani ya kama 241,000. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una dhahabu ya shilingi milioni 2.41. Sonara akiongeza ujira wa kuufua na faida ya duka, ukauzwa kwa milioni 3, kisha siku ya kuurudisha akalipa milioni 2.2 kwa kupima dhahabu na kutoa chake, mnunuzi ameanza safari akiwa nyuma kwa laki nane. Dhahabu inapaswa kupanda kwa asilimia 36 ndipo arudi sifuri. Mkufu huo uvaliwe kwa furaha, usiandikwe kwenye hesabu ya uzeeni.

Kwa akiba, kinachofaa ni vipande vya karati 24 vilivyotoka kwa kiwanda cha kusafishia kinachojulikana, vikiwa na uzito, namba 999 au 999.9 na namba ya utambulisho, au sarafu za uwekezaji zinazotambulika duniani. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa 1967, ni ya karati 22 na ina wakia nzima ya dhahabu safi ndani yake. Ina metali nyingine kidogo ya kuikaza, ndiyo maana uzito wake wote ni karibu gramu 34. Kipande kikubwa kina gharama ndogo kwa gramu, lakini hakigawanyiki. Mstaafu anayehitaji milioni moja hawezi kukata kona ya kipande cha gramu 50. Vipande vya gramu 5 na 10 ni ghali kidogo kwa gramu, na kwa mtu wa akiba ya kawaida gharama hiyo inastahili kulipwa.

Mihuri isomwe: 750 ni karati 18, 875 ni 21, 916 ni 22. Muhuri hata hivyo hugongwa na binadamu, hivyo kipande kipimwe. Mashine ya miale inayotumika katika masoko ya madini husoma tabaka la juu tu, na mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa tangsteni ina uzito unaokaribia kabisa ule wa dhahabu kwa ujazo ule ule, na wahalifu huifunika kwa dhahabu kidogo. Ulinzi wa kwanza ni kumjua muuzaji na kupata risiti yenye jina la duka, karati, gramu na namba ya kipande.

Njia ya pili haihitaji kabati. Tangu Machi 2017, Soko la Hisa la Nairobi lina mfuko wa NewGold unaofuata bei ya dhahabu, ambao kila kipande chake kinawakilisha karibu sehemu moja ya mia ya wakia. Mnunuzi anahitaji akaunti ya hisa na dalali, na analipa ada ya dalali na ya mfuko. Hakuna ujira wa sonara wala hofu ya mwizi. Upungufu wake ni kwamba mauzo yake yamekuwa machache kwa miaka mingi. Siku ya kuuza, mwenye vipande aweke bei anayoitaka na awe tayari kusubiri.

Njia ya tatu haifai kabisa, nayo ni dhahabu ghafi. Tanzania, kumiliki au kuuza madini bila leseni ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Madini, na tangu soko la kwanza lifunguliwe Geita mwaka 2019, biashara hiyo imepangiwa masoko yake na wafanyabiashara wake. Nairobi na Kampala, mtego wa dhahabu bandia umewafilisi watu wenye elimu na vyeo. Huja kwa sura ileile: mzigo umekwama uwanja wa ndege, bei iko chini ya soko, nyaraka zinang'aa, na kinachohitajika ni ada ndogo ya kuutoa. Dhahabu ina mnunuzi wa bei kamili kila siku ya kazi katika kila mji mkubwa. Mwenye nayo halisi hana sababu ya kumpunguzia bei mstaafu asiyemjua.

Walio Ghuba na Marekani

Wanaofanya kazi Dubai na Muscat wana nafasi nzuri ya kununua, maana bei za gramu kwa karati 24, 22, 21 na 18 hutangazwa wazi. Katika soko la dhahabu la Deira, Dubai, kinachojadiliwa ni ujira wa kazi, na huo ndio wa kubanwa. Falme za Kiarabu hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 kwa mapambo, ilhali dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi hutozwa sifuri. Ni sababu nyingine ya kununua vipande badala ya bangili. Anayeileta nyumbani aitangaze forodhani akiwa na risiti. Akiba ya miaka kumi isitaifishwe kwa kukwepa fomu moja.

Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya 1997 iliruhusu akaunti binafsi za kustaafu ziweke dhahabu yenye usafi wa asilimia 99.5 au zaidi, na sarafu za Eagle za Marekani zinaruhusiwa ingawa ni za karati 22. Krugerrand haikupata ruhusa hiyo. Dhahabu lazima ikae kwa mtunzaji aliyeidhinishwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Kodi iliamua kwamba mwenye akaunti aliyekuwa ametunza sarafu zake nyumbani amehesabiwa kuwa amezitoa zote, na akatakiwa kulipa kodi. Tangazo lolote linaloahidi dhahabu ya kustaafu iwekwe nyumbani likataliwe. Kuanzia miaka 73 mwenye akaunti ya kawaida hulazimika kutoa sehemu kila mwaka, bei iwe juu au chini, kwa hiyo ndani ya akaunti hiyo kuwe na fedha taslimu au hatifungani za kutosheleza utoaji wa miaka michache. Septemba 2020, msimamizi wa masoko ya bidhaa wa Marekani akiwa na majimbo 30 alifungua kesi ya ulaghai wa takriban dola milioni 185, ambao waliolengwa walikuwa wazee walioshawishiwa kuhamisha akiba zao kwenda kwenye madini ya thamani yaliyouzwa kwa bei iliyopandishwa mno. Silaha iliyotumika ilikuwa simu na hofu.

Kuitunza, kuitolea zaka, kuirithisha

Dhahabu iliyo ndani ya godoro haina bima. Baadhi ya benki hukodisha masanduku ya kuhifadhia vitu vya thamani. Kodi yake ya mwaka iingizwe kwenye hesabu, maana akiba ndogo sana huliwa na kodi hiyo. Anayeitunza nyumbani aulize kwa maandishi kama bima ya nyumba inagusa dhahabu na hadi kiasi gani.

Kwa Waislamu, dhahabu ya akiba inayofika gramu 85 na kukaa mwaka mzima wa Hijria hutolewa zaka ya asilimia 2.5. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, pambo la halali la kuvaliwa halitolewi zaka, lakini kipande kilichofungiwa kabatini si pambo. Gramu hizo, kwa bei ya mfano wetu, ni zaidi ya shilingi milioni 27, na mwenye mchanganyiko wa dhahabu na fedha benki amwone mwanachuoni kwa hesabu kamili. Zaka hulipwa kila mwaka, nayo dhahabu hailipi kitu kila mwaka. Fedha ya zaka itoke mahali pengine, au kipande kidogo kiuzwe kwa ajili yake.

Kisha kuna kifo. Mfuko wa hifadhi ya jamii una jina la mtegemezi, benki ina kumbukumbu, hatifungani imeandikwa Benki Kuu. Dhahabu haina rejista. Ikiwa mwenye nayo hakuandika popote, warithi wataikosa au watagombana juu ya kiasi wasichokijua. Orodha yenye uzito, karati, namba, mahali ilipo na nakala za risiti iandikwe, ikabidhiwe kwa watu wawili waaminifu, na irekebishwe kila inaponunuliwa au kuuzwa.

Anayekwenda kununua wiki hii aanze asubuhi kwa kutazama bei ya wakia kwa dola, aigawe kwa 31.1, aizidishe kwa bei ya dola ya benki siku hiyo, na aende dukani akiwa na namba hiyo mkononi. Aulize bei ya kununua na bei ambayo duka hilo hilo lingempa kama angerudisha kipande jioni ya siku hiyo. Apeleke swali hilo kwa maduka matatu. Pengo likizidi asilimia 10, fedha irudi nyumbani. Na muuzaji akikataa kuandika kwenye risiti kwamba atanunua tena na kwa kanuni ipi, basi fedha ya uzeeni isiachwe kwake, hata bei ya dunia ikiwa inapanda siku hiyo.